Ubao wa Spika

Kabla ya mwezi ule sikuwa nimewahi kugombana na ngazi. Nimegombana na watu, tena wengi, maana mdomo ninao, na pale kliniki ya meno ninapopokea wagonjwa kuna daktari mmoja ananiogopa kuliko anavyomwogopa mama mkwe wake. Lakini ngazi kwangu zilikuwa ngazi tu. Unapanda, unashuka, unasahau. Wifi yangu ndiye aliyenifundisha kuzichukia.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na nyumbani tunamwita Besi. Ni fundi cherehani. Anatumia cherehani ya mkono iliyowekwa juu ya meza fupi, kwa sababu miguu yake haina nguvu tangu polio ilipompata utotoni, na kutwa nzima redio inaimba pembeni yake. Watu wengine wakisikia wimbo hushika maneno. Yeye hushika gitaa la besi. Anazungusha mpini wa cherehani huku analiimba kwa mdomo, dum-dum, du-dum, mpaka mteja aliyekuja kupimwa gauni anajikuta anatikisa kichwa na futi kamba bado iko kiunoni. Mwimbaji akikosea, wifi anamsamehe. Mpiga besi akikosea, anazima redio na kusonya kama vile katukanwa yeye.

Alipokaribia kutimiza miaka hamsini nilimfuata chumbani kwake, nikakaa juu ya kitanda katikati ya vipande vya vitambaa, nikamuuliza anataka nimnunulie nini.

"Usininunulie kitu," akasema. "Nitafutie ukumbi."

"Ukumbi wa nini?"

"Wa muziki. Bendi ya watu wenye vyombo mikononi, sio kijana na kompyuta. Niingie mlango wa mbele, kwa magurudumu yangu mwenyewe, bila kubebwa na mtu. Nisikilize. Basi."

Nikacheka. Mji wenyewe huu, kila ukikata kona unakuta mlango wenye taa za rangi na baunsa aliyefura kifua. Kuanzia Ijumaa jioni kuta za nyumba yetu zinatetemeka kwa muziki wa majirani zetu wa biashara. Nikamwambia hiyo kazi ndogo, ningemaliza kabla chai haijapoa.

"Ikishindikana," akasema, akakata uzi kwa meno, "sitaomba tena. Nitabaki na redio yangu."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekwambia nguo yako itakuwa tayari Alhamisi, na ndiyo maana ilinikaa moyoni.

Nilijua pia kauli hiyo inatoka wapi. Mwaka uliopita mume wangu alimpeleka klabu moja ya ghorofani. Alimbeba mgongoni, baunsa akabeba kiti nyuma yao, na foleni nzima ikaangalia sketi yake inavyopanda. Juu hakukuwa na bendi, kulikuwa na kijana na kompyuta, na spika moja inakoroma. Wifi alitaka kurudi nyumbani palepale. Lakini mume wangu alikuwa amekutana na rafiki zake wa zamani, amekolea kucheza, na mabaunsa wana kazi yao mlangoni. Wifi akakaa ukutani, mkoba mapajani, mpaka taa zikawashwa na watu wakaanza kufagia. "Ukibebwa kuingia," aliniambia kesho yake, "unakuwa mzigo mpaka wakukumbuke kukutoa."

Mume wangu mpaka leo hajaelewa. Ni dereva wa lori, mtu wa mabega, na amembeba dada yake tangu alipopata nguvu za kumbeba. Alimbeba kwenda shule, alimbeba kwenye harusi yetu. Nilipomweleza habari ya ukumbi akaacha kula, akaniangalia kwa huruma.

"Si mimi nipo? Nitambeba. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba hataki kubebwa."

"Mimi ni mdogo wake!"

"Ndiyo. Sio lifti yake."

Akanuna, akaendelea na chakula chake.

Basi nikaanza kupiga simu wakati wa mapumziko ya mchana, kwa ile sauti yangu ya kazini inayomfanya mtu mwenye jino bovu aamini kwamba kesho atacheka. Naomba kuuliza, mna bendi? Tunayo. Mlangoni kuna ngazi? Hapana dada, hatuna ngazi, karibuni sana.

Klabu ya kwanza tulienda kuitazama Jumamosi alasiri. Kweli, hakukuwa na ngazi za kupanda. Kulikuwa na ngazi za kushuka, maana klabu yenyewe ilikuwa chini ya jengo, ngazi za zege zimepindapinda mpaka gizani. Nikampigia simu yule niliyeongea naye, akatoka huku anatabasamu.

"Si uliniambia hakuna ngazi?"

"Za kupanda hakuna, dada."

"Na mtu akishashuka, anatokaje? Anaruka?"

Akajikuna kichwa. Hakuwa mjeuri hata kidogo, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana mjeuri unamjibu. Huyu alikuwa mtu mwema asiyejua anapita wapi kila siku. Na baada yake nikawakuta wengi wa namna hiyo. Mmoja aliniapia kwa simu kwamba kwake ni sakafu tupu, tukafika tukakuta vipandio vitatu, na aliposhtukia nimevikodolea macho akasema, "Aa, hivi? Hivi si ngazi, hivi ni mlango." Mwingine alisema usijali, kwetu kuna vijana wenye nguvu. Kila mtu katika mji huu ana vijana wenye nguvu. Mwenye njia nilikuwa bado sijampata.

Ya ghorofa ya saba ndiyo iliyonipandisha presha. Niliikagua mwenyewe mchana: jengo la maofisi, lifti mpya yenye kioo, juu ukumbi wazi wenye upepo na bango la bendi. Nilipanda na kushuka na ile lifti kama mtoto. Nikarudi nyumbani natamba, wifi akavaa gauni alilojishonea, la kijani, lenye mikono mifupi ili isikwame kwenye magurudumu. Tukafika saa moja jioni. Mlinzi akatuambia lifti huzimwa saa kumi na mbili, wafanyakazi wa ofisi wakishatoka.

"Na watu wa muziki?"

"Wanapanda kwa miguu, mama. Vijana hawa."

"Iwashe."

"Funguo anazo msimamizi."

"Mpigie."

"Kalala."

"Kalala saa moja jioni? Ni kuku?"

Nilimmwagia maneno ambayo kliniki wangeyasikia wangenifukuza. Wifi alikuwa anaangalia juu, kule muziki ulikokuwa unadondoka vipande vipande. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Twende. Hata besi haisikiki huku chini." Gauni la kijani likarudi kabatini.

Mume wangu alitusubiri sebuleni. Nyusi zake zilisema mimi si nilikwambia, na usiku huo nililala nimempa mgongo.

Kisha nikapata bustani. Bustani kabisa, ya Jumapili alasiri, geti pana la kuingilia magari, sakafu ya saruji laini, bendi jukwaani na watoto wanakimbizana. Wifi akaingia kwa magurudumu yake kama mtu yeyote. Mpiga besi wa pale alikuwa binti mmoja mwembamba aliyefumba macho, na wifi alipomsikia tu akashika ukingo wa meza. "Huyu," akaniambia, "huyu mtoto amefundishwa na nani?" Midomo yake ikaanza, dum-dum, du-dum. Mimi nikaagiza soda, nikajiegemeza, nikajisifu kimoyomoyo.

Katikati ya wimbo wa tatu au wa nne akanivuta mkono. Alihitaji choo. Tukaenda. Mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti. Tukajaribu wa wanaume, vilevile. Tukajaribu kukiingiza kwa upande, gurudumu likagonga fremu, mhudumu akaja akasema mama akijikaza kidogo tu onyesho linaisha saa moja. Nilimtazama yule mhudumu mpaka akakumbuka ana kazi jikoni.

"Wifi, nitakushika, tujaribu..."

"Hunishiki. Twende nyumbani."

"Bendi ndiyo kwanza inachanganya!"

"Siwezi kusikiliza besi huku nimebana mkojo. Na tangu jana usiku sijanywa kitu."

Nikasimama. "Hujanywa?"

"Hivi ulidhani kwa nini siku za kutoka sigusi chai?"

Miaka yote niliyoolewa nyumba ile nilidhani siku hizo hana tu hamu ya chai. Tuliondoka na yule binti bado anapiga, na wifi aligeuza shingo mpaka getini. Njia nzima nilikuwa na hasira na mlango. Nilimwona akilini fundi aliyeupima, nikamwona anakunja futi yake na kwenda zake kula, roho kwatu.

Tangu siku hiyo nilibeba futi kamba ya wifi kwenye mkoba wangu. Nilipima milango ya vyoo ya mji mzima. Wahudumu waliniona nimepiga magoti mlangoni pa choo wakadhani natoka manispaa, na mmoja akakimbilia ndoo na dawa. Siku zikawa zinakwisha. Kila jioni wifi aliuliza, "Vipi?" na mimi nilijibu, "Bado," na akarudi kwenye mshono wake. Wiki ya mwisho akaacha kuuliza. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Ukumbi uliobaki ulikuwa wa mtaa wa pili kutoka kliniki. Nilikuwa nimeuruka kwa sababu mlangoni una vipandio viwili vya vigae vinavyong'aa. Lakini choo chao zamani kilikuwa stoo, mlango wake unapitisha friji, na bendi hupiga kila Jumamosi. Nilisimama nje nimevikodolea vile vipandio viwili kama watu niliokosana nao. Kisha nikazunguka nyuma ya jengo, sijui natafuta nini, na nikakuta vijana wa bendi wanashusha vyombo. Mlango wa nyuma ulikuwa na vipandio vilevile, na juu yake umelazwa ubao: mrefu, mnene, mpana, umegongelewa mpira wa tairi usiteleze. Spika kubwa kuliko jokofu la nyumbani kwangu ilikuwa inapanda juu yake kwa vigurudumu vyake, taratibu, bila kubebwa na mtu.

Nilitaka kulia kwa hasira. Spika zilikuwa na njia miaka yote hii.

Meneja wa ukumbi alifurahi sana nilipomweleza. "Tatizo limekwisha, dada! Mama atapita huku nyuma. Tutamfungulia sisi wenyewe."

Nikaenda mbio kumwambia wifi. Alikuwa anapachika zipu.

"Huko nyuma kuna nini?" akauliza.

"Kuna jiko, kreti za soda, mapipa ya taka kidogo. Unapita tu."

"Na nani mwingine anapita huko?"

"Spika."

"Spika hazikukata tiketi."

Hapo nikapasuka. Nilimwambia nimepiga magoti kwenye vyoo vya watu kwa ajili yake, nimegombana na walinzi, sijazungumza vizuri na mume wangu mwezi mzima, na sasa mlango umepatikana anautilia maringo. "Wewe unatafuta ukumbi au unatafuta ugomvi?"

"Vyote viwili," akasema. Akaendelea na zipu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, maisha yangu yote napita jikoni. Benki napita kwa walinzi. Hospitali napita kwenye kufulia. Nimekwambia mlango wa mbele."

Nilirudi ukumbini siku ileile, bado nimevimba, nikamwambia meneja atoe ubao nyuma auweke mbele. Akasema ubao si wake, ni mali ya bendi. Kiongozi wa bendi akaitwa. Alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, naye ndiye mpiga besi. Nilipomweleza, akavua kofia.

"Siku yake ya kuzaliwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Chukueni ubao. Ila akishaingia vijana waurudishe nyuma. Mtu akijikwaa hapo mbele, lawama zitakuwa zangu."

Ningeweza kumkumbatia.

Jumamosi ikafika. Gauni la kijani likatoka kabatini. Wifi alikunywa chai asubuhi, kikombe kizima, mbele yangu makusudi. Tulifika jua limeshazama lakini mwanga bado upo, foleni fupi, na ubao umelazwa juu ya vigae, mbele kabisa, chini ya taa za rangi. Mume wangu alikuja nyuma yetu, mikono imeshatangulia.

"Usiniguse, mdogo wangu," wifi akasema.

Akarudi nyuma kidogo, akashika magurudumu, akasukuma. Mikono iliyozungusha cherehani miaka yote ile haikuwa ya mchezo. Katikati ya ubao gurudumu moja likasita, mume wangu akatoa sauti, mimi nikamkanyaga mguu. Wifi akapumua, akasukuma tena, akawa ndani. Foleni haikushangilia wala nini. Baunsa alimkatia tiketi yake, akamwambia karibu mama, akamgeukia aliyefuata. Na mimi nilikaa mezani, nikajisemea mwenyewe: imekwisha, hatimaye imekwisha.

Bendi ikaanza. Wifi akafumba macho. Wimbo wa pili akayafumbua. Wa tatu nikamwona anatazama mikono ya yule mzee wa kofia, na midomo yake haichezi.

"Wifi," akasema, "tunaondoka."

"Choo? Nimekipima, kiko..."

"Sitaki choo. Besi mbovu."

"Mbovu kivipi?"

"Anachelewa. Ngoma imeshafika, yeye bado anavaa viatu."

"Huyo ndiye aliyetupa ubao!"

"Ubao wake mzuri. Besi yake mbovu."

Nikampayukia kwa sauti kubwa kuliko ya bendi, nikamkumbusha ngazi za chini ya jengo, lifti, mlango wa choo cha bustani, magoti yangu. Nikamwambia asubiri hata nusu ya onyesho, kwa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa soda yake niimalizie, akageuza magurudumu akaelekea mlangoni. Nikamfuata na soda mkononi, natukana kimoyomoyo.

Mlangoni ubao haukuwepo. Vijana walikuwa wameshaurudisha nyuma. Chini ya vipandio foleni ilikuwa imekuwa ndefu, na mabaunsa wawili wakainama pamoja wamefungua mikono.

"Mama, tukushushe. Sekunde moja tu."

Mume wangu naye akafika anakimbia, akamgeuzia mgongo. "Dada, panda."

Wifi akafunga breki za kiti, katikati ya mlango. "Leteni ubao."

"Uko nyuma, mama, ndani ya..."

"Nasubiri."

Akaweka mikono mapajani. Hakuna aliyeweza kuingia, hakuna aliyeweza kutoka. Nyuma kwenye foleni mtu akauliza kuna nini huko mbele, mwingine akajibu kuna mama anataka kutoka. "Si atoke?" Anasubiri njia, wakaambiwa. Binti mmoja wa viatu virefu akasema, "Mbebeni tu jamani, watu tuna haraka."

Nilikuwa bado nina hasira na wifi. Naapa nilikuwa nayo. Lakini hasira ya mwezi mzima ilikuwa inatafuta mtu, na huyo akajileta. "Haraka unayo wewe," nikamwambia, nikajisogeza kando ya kiti na soda yangu. "Humu habebwi mtu."

Mume wangu alikuwa bado ameinama, mgongo tupu. Alitazama uso wa dada yake, akautazama wangu. Kisha akanyooka, akafuta mikono kwenye suruali, akazunguka nyuma ya jengo, akarudi na ubao begani. Aliulaza mwenyewe juu ya vipandio. Akaukanyaga kwa mguu kuona kama umetulia, akasogea pembeni.

Wifi akafungua breki. Akashuka polepole, kwa kujitanua, foleni nzima imempisha. Alipofika chini akageuza kiti akanitazama, uso umeng'aa.

"Mbovu, wifi," akasema kwa raha zote. "Mbovu kabisa. Jumamosi ijayo unitafutie kwingine."

Nikasonya. Kisha nikakaa kwenye kipandio, nikamalizia soda yake.